Tanzania: Fizikia ya Mkwawa na mwalimu anayesubiriwa

Tangu mwaka 2016 mtoto wa Tanzania husoma sekondari hadi kidato cha nne bila ada, na shule za kata zimeenea hadi vijijini. Madarasa, hata hivyo, hujengwa haraka kuliko apatikanavyo mwalimu wa fizikia.

Sehemu ya jibu iko Iringa, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanzishwa mwaka 2005 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shahada ya kwanza ya sayansi na ualimu huchukua miaka 3. Mwanafunzi wa fizikia hupitia mekanika, mawimbi, umeme na usumaku, hadi muundo wa atomu. Lakini miaka hiyohiyo hubeba pia somo la pili la kufundishia, mathalani hisabati, pamoja na saikolojia ya elimu na mazoezi ya kufundisha.

Wapo wanaoona kwamba fizikia imepunjwa. Hoja hiyo ina uzito nusu tu, kwa kuwa kidato cha pili hakidai ubingwa wa atomu. Kinadai mwalimu awezaye kupima mchapuko wa mvutano wa dunia, takriban mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, kwa uzi, jiwe na saa, pale ambapo maabara ni chumba kitupu.

Pengo kubwa zaidi ni la lugha. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya umma kwa Kiswahili hukutana na fizikia ya sekondari kwa Kiingereza, na mwalimu wake naye aliisoma chuoni kwa Kiingereza. Chukua kilo moja ya sukari: dukani huitwa uzito, ilhali katika fizikia kilo hupima tungamo, na uzito ni kani. Asiyeweza kulifafanua hilo kwa lugha ya mtoto humwachia kukariri. Wazazi wa Rwanda, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza, wanaijua adha hii.

Hata hivyo, si kila aliyehitimu huonekana darasani. Ajira katika shule za umma husubiri kibali cha serikali, na wapo wahitimu wanaokaa nyumbani muda mrefu huku shule, pengine ya kata yao wenyewe, ikikosa mwalimu wa somo walilolisomea.