Tabuleti za Shule Zitafutiwe Mafundi

Mwaka 2013 serikali ya Jubilee iliingia madarakani nchini Kenya na ahadi ya kumpa kila mtoto wa darasa la kwanza kipakatalishi. Njiani ahadi hiyo ikageuka tabuleti, na tangu 2016 Mamlaka ya ICT ikasambaza zaidi ya milioni moja katika shule za msingi za umma zaidi ya 21,000. Kila shule ilipata pia projekta na mashine za walimu.

Nimefundisha madarasa ya chini huko Kiminini, nje ya Kitale katika kaunti ya Trans Nzoia, na sasa nafundisha Bungoma. Nimemwona mtoto asiyethubutu kunyoosha mkono darasani akigusa herufi kwenye tabuleti, akaisikia ikitamkwa, akairudia kwa sauti. Ndiyo maana naumia moyo nikiona tabuleti zimefungiwa stoo: betri zimekufa, chaja zimekatika, na mwalimu mkuu anaogopa hata kuzitoa zisije zikaibwa akalaumiwa.

Kasoro iko kwenye mpango wenyewe. Mamlaka ya ICT ilinunua, taasisi ya mitaala, KICD, ikaandaa masomo, tume ya walimu, TSC, ikaajiri walimu, Wizara ya Elimu ikabaki na mgao wa fedha za shule. Kutengeneza kilichoharibika hakukupata mwenyewe. Mgao huo wa Sh1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambao hata hauji kwa wakati, hauwezi kubeba chaki, vitabu na betri pamoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mafundi tunao. Kitale ina chuo anuwai cha kitaifa, Bungoma ina chuo cha ufundi cha Sang'alo na Chuo Kikuu cha Kibabii kinachofundisha kompyuta. Kila mwaka vijana wa vyuo hivi huzunguka na barua wakiomba nafasi za mafunzo kazini. Mamlaka ya ICT iwakabidhi shule za kata moja moja, iwape vipuri na posho, na mkufunzi wao asimamie kazi. TSC nayo impe mwalimu mmoja wa kila shule saa za kushughulikia mashine, zihesabiwe kama vipindi vyake.

Mtaala wa umilisi, CBC, umeutaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Mtoto wa shule ya kulipia ataupata nyumbani. Wa kwetu anaitegemea shule. Kwa hivyo Bunge lisipitishe tena bajeti ya kununua mashine isiyo na fungu la kuzitunza, na wabunge wa Trans Nzoia na Bungoma wawe wa kwanza kulidai.