Kusikiliza raia nayo ni kazi ya afya

Ndugu raia, Ebola ikirudi tena kwetu, wataanza na nini? Na jeep na askari kama mara ile?

Kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, Ebola iliua watu 2287 huku mashariki. Chanjo ilikuwa iko. Dawa zilijaribiwa hapa hapa Kongo, mbili zikaonekana kusaidia sana. Lakini watu walikimbia. Namba zilionyesha wangapi wanakimbia, hazikusema sababu gani.

Sababu ilijulikana pale watu walipoulizwa na kuachwa waongee mpaka mwisho. Tangu 2014 watu wanachinjwa Beni, msaada hauonekani. Ebola inafika, magari yanajaa barabara. Disemba 2018 Beni na Butembo zikanyimwa uchaguzi, Ebola ikitajwa kuwa sababu moja. Nani angeamini? Huo si ujinga, ni hesabu ya mtu aliyeona mengi. Wengine waliogopa ndugu yao aingie hemani wasimuone tena. Vyumba vya plastiki vyenye kuonekana ndani, vilivyotumika Beni, vilijibu woga huo kuliko matangazo yote ya redio.

Sisi vijana tunadai hivi: wenye kusikiliza raia wakae meza moja na wenye kuhesabu, tangu siku ya kwanza. Maneno ya watu yachambuliwe kwa makini sawa na damu kwenye maabara, kisha yarudishwe mtaani kwa Kiswahili na Kinande. Na yale yenye kuudhi wakubwa yabaki ndani ya ripoti.