Ishara ya Ndege wa Asali

Vijana wetu wa Ngara na Biharamulo, nchi ya mizinga, wamesoma chuoni kwamba aya maana yake ni ishara. Basi na tumtazame yule ndege aongozaye warina kwenye asali, naye akapata nta. Wahadzabe wa Eyasi humwita kwa mluzi. Wayao wa Niassa, Msumbiji, kwa mtetemo wa ulimi na mguno. Wataalamu walijaribu, wakatangaza mwaka 2023: ndege wa Eyasi huuitikia mluzi zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Kiyao. Kumbe maana haimo katika sauti tupu, imo katika mapatano ya majirani! Tulichelealo ni kuwa mtoto azoeaye sukari ya dukani hatajifunza mwito, na ndege atamlilia bure.