Kuandamwa si Mapenzi



Juma hili twazungumza juu ya jambo ambalo aghalabu majumbani mwetu hufanyiwa mzaha. Mwanamke ameachwa, eda imekwisha, amerejea kwa wazazi wake. Mtalaka wake hamwachi. Asubuhi humngoja kwenye kituo cha matatu, jioni husimama mkabala wa mlango, na usiku hupiga simu kwa nambari mpya kila ya zamani ifungwapo. Binti akilalamika, huambiwa, "Bado akupenda huyo."

La, hayo si mapenzi. Eda ya talaka ya kwanza au ya pili ikishapita, mwenye kutaka kurejeana huja kwa posa na ndoa mpya, na mwanamke ana haki ya kukataa. Suratul Hujurat nayo yatukataza kupelelezana.

Dalili za kuandamwa ni kurudiwarudiwa. Kukutana njiani mara moja huenda ikawa sadfa. Lakini anayekufuata baada ya kukatazwa, anayewahoji watoto na majirani juu ya nyendo zako, anayejua uliko pasi na kumwambia, au anayetishia kukudhuru au kujidhuru, huyo ni wa kuogopwa.

Dada yetu, usilibebe peke yako. Mweleze mtu unayemwamini. Usiende kuonana naye faraghani, hata akisema ni mara ya mwisho. Usifute jumbe zake. Andika tarehe, saa, mahali na aliyeshuhudia. Badilisha nywila za simu yako. Kisha nenda kituo cha polisi pamoja na jamaa, uulize dawati la jinsia, na usiondoke bila nambari ya OB.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya dhuluma za kinyumbani yahesabu kuandamwa kuwa dhuluma, hata kwa waliokwisha kuachana. Kadhi huamua mambo ya ndoa na talaka; amri ya ulinzi huombwa kwa hakimu. Nambari 1195 hupigwa bila malipo.

Nanyi wazazi na ndugu, msimnyamazishe binti kwa kuchelea maneno ya mtaa. Aibu ni ya anayeandama, wala si ya anayeandamwa. Mwaminini mapema, kabla hofu yake haijawa msiba wenu.

Wabillahi tawfiq.