Kibanda cha Uani

Hapa Stockholm theluji imekwisha yeyuka, watu wako uani na mafagio na reki, na kila ukipita mtaani unawaona wakifungua vibanda vyao. Safari hii nataka tuzungumze juu ya vibanda hivyo, maana wasomaji wawili watatu wameniuliza naandikia wapi. Naandikia kibandani.

Msidhani ni jambo kubwa. Tumepanga nyumba Hässelby, magharibi ya jiji, na uani mna kibanda cha mbao, mita tatu kwa tatu. Tulipohamia kilijaa mashine ya kukatia majani, matairi ya baridi na skii za watu tusiowajua. Mwenye nyumba alituruhusu kukitumia. Tukatoa utando wa buibui, tukaingiza meza ya mtumba, hita ya umeme na kiti kimoja. Kiti kimoja kwa makusudi: kikiwapo cha pili, atapatikana wa kukikalia.

Vibanda hivi vina historia yake. Mwanzoni mwa karne iliyopita wafanyakazi wa Stockholm waliishi kwa kubanana katika vyumba vidogo. Anna Lindhagen, mwanasiasa wa jiji hili, aliona kule Copenhagen jinsi watu wa kipato kidogo walivyopewa vipande vya ardhi kulima na kupumzika. Akalileta wazo hilo nyumbani, na mwaka 1906 kikaanzishwa chama cha bustani za aina hiyo. Ukitembea leo Eriksdalslunden au Tantolunden, utaviona vijumba vyake vya rangi katikati ya maua na viazi.

Kisha mwaka 1979 waziri wa makazi, Birgit Friggebo, alileta kanuni ya kumruhusu mwenye nyumba kujenga kibanda cha hadi mita za mraba 10 bila kibali. Watu wakakiita friggebod, banda la Friggebo, na jina likabaki. Mwaka 2008 kipimo kiliongezwa hadi mita za mraba 15. Wengine hulaza wageni humo, wengine hutengeneza baiskeli, wengine huandika.

Kwetu Tanga, uani si mahali pa upweke. Uani ndiko kunakopikwa, kunakofuliwa na kunakosukwa nywele, na habari za mtaa mzima hupita hapo. Anayejifungia peke yake ni mgonjwa, au amenuna. Basi mama mkwe wangu alipokuja kututembelea kiangazi, akaniona natoka na chupa ya chai na daftari na kufunga mlango nyuma yangu, siku ya kwanza alinyamaza. Siku ya pili alimwita mwanawe pembeni: “Mmegombana?” Siku ya tatu akaniuliza mwenyewe.

“Mwanangu, huko ndani mna nini?”

“Mna kazi, mama.”

“Kazi gani isiyo na mshahara?”

Kazi yenyewe ni hii. Mama yangu mzazi yuko Tanga na umri umekwenda. Kila Jumapili tunaongea kwa simu. Anazo hadithi za sungura na fisi alizopewa na bibi yake, na zaidi ya hizo anazo habari za watu: nani alivuka kwenda Pemba wakati wa karafuu, nani alirudi, nani hakurudi. Zamani alisimulia bila kukwama. Siku hizi akifika katikati jina humtoka, kisha huniuliza mimi, “Yule alikuwa nani?” Nami sijui.

Upande wa pili yupo binti yangu wa miaka 11. Kiswahili chake ni cha amri: njoo, kula, vaa koti. Shule za hapa hutoa masomo ya lugha ya nyumbani mwalimu akipatikana, lakini kwetu ni kama saa moja tu kwa wiki. Bibi anaanza kusahau na mjukuu hajajua bado. Katikati nimebaki mimi, na daftari.

Nilijaribu jikoni kwa miaka miwili. Jikoni kuna sufuria, kuna simu, kuna “mama, soksi zangu ziko wapi?” Kibandani mbao ni nyembamba na sauti zote nazisikia, lakini kutoka jikoni hadi huko ni hatua 14, na hatua hizo humfanya mtu ajiulize kama soksi zinastahili safari. Faida ya kibanda ndiyo hiyo. Hakikupi maneno. Kinawaambia watu wa nyumbani, na wewe mwenyewe, kwamba sasa ni saa ya kazi.

Mama mkwe nilimjibu kwa kumsomea ukurasa mmoja. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, halafu akanikata: “Samaki wa mnadani hawakutiwa kikapuni, mwanangu. Andika tenga.” Tangu siku hiyo mlango ulipata mlinzi. Watoto wakija mbio aliwarudisha: “Mwacheni mama yenu, yuko kazini.”

Waandishi wenye vibanda ni wengi. Roald Dahl, aliyewaandikia watoto wetu *Matilda*, alikuwa na chake bustanini kule Great Missenden, Uingereza, akiandika kitini na ubao juu ya mapaja. August Strindberg alikuwa na chake Kymmendö, katika visiwa vya Stockholm. Lakini riwaya yake mashuhuri ya maisha ya visiwani, *Hemsöborna* ya mwaka 1887, hakuiandikia huko. Aliiandika akiwa ng’ambo, Ujerumani. Abdulrazak Gurnah naye, aliyepewa Nobel ya Fasihi na Chuo cha Uswidi mwaka 2021, ameiandika Zanzibar miaka mingi akiwa Uingereza. Kwa hiyo msihuzunike kwamba dirishani mnaona misonobari badala ya minazi.

Kwa anayetaka kujaribu, haya ndiyo niliyojifunza. Kama unajenga, iulize kwanza manispaa yako, maana kanuni hubadilika; kama umepanga, muulize mwenye nyumba. Unyevu huharibu karatasi, hivyo jioni rudisha daftari ndani. Desemba jua huzama kabla ya saa tisa alasiri na hita hula umeme, kwa hiyo mimi huandika dakika 40 tu, na koti mwilini. Simu ibaki jikoni. Na saa zako ziandikwe ukutani, pamoja na za mwenzako: Jumamosi asubuhi kibanda ni changu, Jumapili ni cha mume wangu na redio zake mbovu. Mlango wa mmoja ukiheshimiwa na wa mwingine usiheshimiwe, ugomvi haukawii.

Na wewe unayeishi ghorofa ya sita bila uani? Majengo mengi ya hapa yana chumba cha kufulia cha zamu. Ukishapata zamu yako, ni saa kadhaa ambazo hakuna atakayekugusa. Shoga yangu mmoja ameandika nusu ya habari za babu yake pale, mashine zikizunguka.

Mimi nimefika hadithi ya 17. Ile ya 12 binti yangu alimsomea bibi yake kwenye simu, polepole, akikwama kwenye “tenga”. Bibi akamweleza tenga ni kitu gani, wakaongea robo saa nzima bila mimi kutafsiri.

Niandikieni: nanyi mnaandikia wapi? Tukutane toleo lijalo, inshallah.