Nukta Si Hati: Kwenu Mnaoshika Sehemu za Visanduku

Ukurasa huu umekaa kimya kidogo, zamu za wodini hazina huruma na mnajua. Leo sina stori ya bweni wala ya foleni ya maji. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na baadhi yenu mnaosoma hapa. Tutabaki marafiki, lakini lazima lisemwe.

Ni huu mchezo wa jiokeshi ulioingia chuoni kwetu. Kwa ambao hawajaupata: unaficha kisanduku mahali, ndani unaweka kidaftari, kalamu na vitu vidogo vya kubadilishana, halafu unatoa namba za GPS za hapo mahali na wenzako wanakuja kusaka. Anayekiona anaandika jina, anakirudisha kilipokuwa, anaondoka. Si mchezo mpya. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuvuruga makusudi usahihi wa GPS kwa raia, na kesho yake tu jamaa mmoja, Dave Ulmer, akaficha ndoo porini katika jimbo la Oregon na kutangaza namba zake. Ndiyo ilivyoanza. Leo unachezwa karibu dunia nzima, na mimi naupenda. Unakutoa kitandani, unakutembeza, unaijua nchi yako kwa miguu.

Kinachonikera ni hii tabia ya kushika sehemu. Mtu hajanunua hata kopo. Kalala, simu mkononi, anavuta ramani na kudondosha nukta: moja njiapanda ya Lalago, moja kwenye mawe, moja mbuyuni, nyingine shambani kwa watu, mpaka zinafika saba. Halafu anatangaza kwenye grupu: hizo zangu jamani, naandaa, msiguse. Miezi inapita. Kisanduku hakuna. Ukiuliza, bado anaandaa.

Haya, tupige hesabu kidogo. Kanuni ya mtandao mkubwa wa mchezo huu ni kwamba visanduku viwili visikaribiane chini ya mita 161, yaani sehemu moja ya kumi ya maili. Kwa hiyo nukta moja inafunga duara la karibu hekta 8. Sasa linganisheni na leseni ndogo ya uchimbaji, ile wanayoihangaikia wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama: kwa dhahabu haizidi hekta 10. Mchimbaji analipa ada kila mwaka, na leseni yake ina mwisho, miaka 7, akiitaka tena aende kuihuisha. Wewe mwenye nukta saba umefunga karibu hekta 57. Umelipa nini? Bando.

Msinielewe vibaya. Sipingi mtu kuhifadhi sehemu. Anayeandaa kisanduku kwa dhati anahitaji muda. Atatafuta chombo kisichopitisha maji ya masika, atapima namba zake mara kadhaa kwa sababu simu inadanganya chini ya miti, ataandika maelezo. Si haki mwingine ampiku siku moja kabla hajamaliza. Ninachopinga ni kuhifadhi bila jasho na bila mwisho.

Na hili, jamani, Usukumani halihitaji kufundishwa na mtu wa Oregon. Tunayo ngitili. Mliokulia mjini: ngitili ni eneo la malisho linalofungwa masika, ng'ombe haingii, nyasi na miti vinapumua, kisha linafunguliwa kiangazi kikikaza na malisho kwingine yakiwa yamekwisha. Kuna za familia, za kijiji, hata za shule. Mkoa huu ulishakatwa miti hovyo, sehemu ya miti hiyo ikafyekwa makusudi ili kuangamiza mbung'o, mpaka watu wakaanza kuuita jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na badala ya kuleta ujanja wa kigeni ukajengwa juu ya ngitili. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimehifadhiwa kwa mtindo huo.

Jiulizeni kwa nini watu waliheshimu. Ngitili ina mambo matatu. Mwenyewe anajulikana na majirani wanajua mpaka ulipo. Ina ulinzi: sheria ndogo za kijiji, na sungusungu wa kumfuata anayevunja. Na ina siku ya kufunguliwa. Mwenyewe, mlinzi, mwisho. Sasa chukua nukta yako uipime. Mwenyewe ni jina la utani la mtandaoni. Mlinzi hakuna. Mwisho hakuna. Hiyo si hifadhi, ni kunyang'anya watu kitu ambacho hata wewe hukitumii.

Nafika kwenye kubwa zaidi, lililonifanya niandike. Umemuomba nani?

Kwenye ramani ya simu, Kolandoto inaonekana tupu. Rangi ya udongo, barabara, vijumba. Lakini hakuna mahali patupu hapa. Yale mawe yana mwenyewe. Ule mbuyu uko ndani ya shamba la mtu, pengine babu yake kazikwa karibu yake. Kanuni za mchezo wenyewe zinadai ruhusa ya mwenye ardhi, zinadai kisanduku kiwe kimeshawekwa ndipo upeleke ukurasa wako kwa mhakiki, na zinakataza kuchimba ardhi bila ruhusa. Lakini mhakiki ni mtu wa kujitolea aliye mbali, hamjui mwenye shamba. Akikukubalia, amekubali umbali kati ya nukta na nukta. Hajakupa shamba la mtu.

Na hapa si Oregon. Sisi tuko kwenye mkanda wa dhahabu na almasi. Mwadui ipo jirani tu, John Williamson aligundua almasi pale mwaka 1940, na tangu hapo mtu anayezunguka mashambani na kifaa mkononi, akiinama chini ya miti, haonekani anacheza. Anaonekana anapima. Asubuhi unaweza kukuta shimo palipokuwa na kopo lako, na wengine wanasubiri kuona kama kuna rashi.

Kuna baya kuliko shimo. Mikoa yetu hii imeua vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Macho mekundu ya bibi, ambayo sisi tunaosomea afya tunajua ni moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe wa miaka arobaini jikoni, yamekuwa ushahidi wa kumkata panga. Kuanzia mwaka 2007 ndugu zetu wenye ualbino wakaandamwa kwa ajili ya viungo vyao. Hii si historia ya mbali, kila mmoja wenu anajua kijiji. Sasa wewe unafika usiku ili usionekane, unasukuma chini ya jiwe kopo lililoviringishwa plasta nyeusi, ndani kuna shanga, sarafu na karatasi yenye orodha ya majina ya watu. Mchunga ng'ombe akilikuta, ataita kitu gani? Na kidole kitaelekezwa kwa nani, kwako uliye bwenini, au kwa bibi anayeishi peke yake mita mia kutoka hapo?

Na hayo makopo nayo. Nimeona wengi mnataka kutumia makopo ya dawa kwa sababu yanafunga vizuri. Watoto wa hapa wanaokota kila kitu. Tunawafundisha akina mama kliniki wasiache dawa mtoto anapofika, halafu sisi wenyewe tumfundishe mtoto kwamba kopo la dawa porini lina zawadi ndani?

Najua majibu yenu. Eti ni mchezo tu. Sawa, kama ni mchezo tu basi kuomba ruhusa si kazi ngumu. Eti mwenye shamba akijua, siri imekufa. Siri ni kwa wasakaji, bwana, si kwa mwenye nyumba. Mzee akijua kisanduku kiko wapi amekuwa mlinzi wako. Utakapofunga chuo na kurudi kwenu Mbeya au Tanga, yeye ndiye atakayekuwepo. Eti mtendaji atataka chochote. Hamjajaribu, mnajuaje?

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili, na naomba tulikubali kama grupu. Asiyekwenda kwa miguu hana sehemu. Nenda mchana, salimia, sema mwangaluka, mpe mzee shikamoo yake, fungua kopo mbele yake aone kilichomo, mweleze. Akikubali, mjulishe na mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa ili sungusungu wasipige mwano usiku kwa ajili yako. Kopo liwe la kupitisha mwanga, limeandikwa kwa nje kwa Kiswahili ni kitu gani, na namba ya simu. Hapo tangaza kwenye grupu kwamba sehemu umeshika, na sote tutakuachia siku 30. Zikipita hujaweka, sehemu iko wazi, na hakuna kununa. Kila mtu ashike moja kwa wakati, si saba. Na anayemaliza chuo amkabidhi kisanduku mwingine anayebaki, au akakitoe.

Wenye nukta saba, mnajijua. Futeni sita usiku huu, kesho mwende mkaombe ile moja.

Nawasilisha. Matusi leteni, lakini leteni na hoja.