Mayai Yatoka Kwetu, Maabara Iko Ng'ambo

Katika Bayolojia tunachora seli, tunaandika majina ya sehemu zake, kisha daftari linafungwa. Wengi hudhani hayo ni ya mtihani tu. La hasha! Kazi ya seli inafanyika hapa jirani, kule Laikipia ukishapita Timau na Nanyuki.

Sudan, dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini, alikufa katika hifadhi ya Ol Pejeta Machi 2018. Waliobaki ni majike wawili, Najin na bintiye Fatu, na hakuna kati yao awezaye kubeba mimba. Basi Agosti 2019 wataalamu walianza kuwatoa mayai. Mayai hayo husafirishwa kwa ndege mpaka Italia, yakatungishwa kwa mbegu za madume waliokwisha kufa, zilizohifadhiwa katika baridi kali. Kusudi ni kupandikiza kiinitete katika tumbo la kifaru wa kusini. Mwaka 2023 walijaribu kwanza kwa kiinitete cha kifaru wa kusini hapo hapo Ol Pejeta, na mimba ikashika. Ilikuwa na siku 70 mama alipokufa kwa bakteria, si kwa sababu ya mimba. Nao Wajapani, mwaka 2022, walichukua seli zilizotokana na ngozi ya kifaru Nabire, wakazigeuza kuwa seli changa ambazo siku moja zaweza kuwa mayai. Ajabu iliyoje!

Sasa wako watakaosema, "Ya nini kuhangaikia kifaru, na sisi ng'ombe wetu waliisha kwa ukame wa 2020 hadi 2023?" Swali hilo ni la haki, kwani hapa Isiolo mtu bila mifugo ni kama hana kitu. Lakini mkono unaojua kutunza yai la kifaru wajua pia kutunza yai la ng'ombe. Kule Nairobi, taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI iliwahi kupata fahali aitwaye Tumaini kutokana na seli moja ya ng'ombe wa Boran, yaani ng'ombe wa Waborana wenyewe!

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Madaktari wetu wa KWS na wa Ol Pejeta wanashiriki vizuri katika kutoa mayai. Mbona basi kazi ya ndani ya seli ifanywe ng'ambo? Mgala muue na haki umpe: Wataliano na Wajerumani wametusaidia. Hata hivyo, cha kuazima hakistiri matako. Serikali ijenge maabara ya viinitete hapa nchini, na kila mgeni anayekuja kwa utafiti huu afundishe vijana wetu kazi hiyo mpaka waiweze.

Nanyi wenzangu mnaoiacha Bayolojia ati ni ngumu, hiyo maabara ikijengwa kesho, nani ataingia? Shime, tufungue daftari!